Benchi la Tatu, Kando ya Dirisha

Jumamosi hiyo Mama Kitambaa aliingia kanisani na ndoo yake, akakuta mabenchi hayapo. Mahali pake palijaa viti vya plastiki vilivyopangwa nusu duara. Akatua ndoo, akainua uso darini na kusema, "Haya, Bwana. Hiki sasa ni cha nani?" Hakuwa anaomba. Alikuwa anagomba, na kwa kuwa yote mawili alikuwa ameyafanya mle ndani miaka kumi na moja, tofauti yake aliijua.

Siku nyingine za wiki alikuwa fundi cherehani. Jumamosi alifunika cherehani mapema, akaenda kupangusa mabenchi ya kanisa bila kutumwa na mtu. Watu wakampachika jina la Mama Kitambaa, wakadhani anapenda usafi. Usafi gani? Kwake vipande vya nguo vilitapakaa mpaka uvunguni. Kilichompeleka ni kingine. Waumini, kama ujuavyo, wana tabia ya kung'ang'ania mahali. Mtu akikaa pembeni mara mbili, ya tatu anaona pamezaliwa naye. Basi kitambaa kilipofika mahali pa mtu, Mama Kitambaa alimwombea huyo mtu. Hapa muuguzi wa zamu za usiku: Bwana, mpe usingizi. Hapa dereva na mkewe, wanaoweka mkoba katikati yao: Bwana, uondoe huo mkoba. Benchi la tatu, kando ya dirisha, fundi saa, mzee mjane asiye na mtoto wala mjukuu, anayekaa pale apate mwanga wa kusomea kitabu cha nyimbo: Bwana, mlindie macho, na upweke usimle.

Jumapili alitazama mapengo. Mahali pakikaa patupu, Jumatatu mtu anabishiwa hodi. "Sikukuona jana," ndilo neno lake tu, kisha anaketi asikilize. Kwa neno hilo, kanisa ambalo halikuwa likijaza mabenchi manne lilifika mabenchi kumi na sita. Lakini hilo halikuandikwa popote. Kwenye taarifa ya mwaka, ukuaji ulikuwa kazi ya Kamati ya Ukuaji.

Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, mwalimu wa hesabu aliyependa semina kuliko chakula. Kutoka semina ya mwisho alirudi na karatasi zenye picha za watu wanaocheka kwenye viti.

"Mabenchi yanawagawa watu, shemeji," alimweleza Mama Kitambaa alipomfuata kumuuliza. "Sasa kila Jumapili mtu atakaa mahali papya, azoeane na watu wapya. Makanisa yanayokua yanafanya hivyo."

"Na nani hayupo nitajuaje?"

"Tutahesabu vichwa mlangoni."

"Vichwa havina majina, shemeji."

"Wewe tatizo lako unapenda sana mabenchi," alisema, akacheka, akaenda zake kwenye kikao.

Nani angevumilia? Mama Kitambaa hakuvumilia. Akasusa, tena kwa kisirani. Jumamosi zilizofuata alipangusa viti harakaharaka kama mtu aoshaye vyombo vya jirani, mdomo kaufunga. Waombeane wenyewe, alijiambia, si wanajua kuhesabu? Jumapili ya nne Mwenyekiti alisimama na kutangaza kwamba vichwa vimefika mia moja na kumi na mbili, na watu wakapiga makofi. Mama Kitambaa alikunja mikono.

Siku mbili baadaye, mteja aliyefuata gauni lake alikuwa akinung'unika. "Saa yangu ya ukutani imekwama kwa yule fundi saa. Duka lake limefungwa, wiki ya pili inakwisha."

Mguu wa Mama Kitambaa ukasimama kwenye cherehani. Akajaribu kukumbuka Jumapili iliyopita. Aliiona nusu duara, akayaona makofi. Mzee hakumwona, na lililomchoma ni kwamba wala hakuwa ametambua kuwa hayupo.

Aliacha gauni likiwa na mkono mmoja, akaenda. Mzee aliishi chumba cha nyuma ya duka. Alimkuta kitandani, mguu umevimba mpaka goti halionekani. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye kigoda akitundika saa. Jirani alikuwa akimletea uji asubuhi na jioni, akimbembeleza waende hospitali, naye akikataa.

"Ulikataa kwa nini, mzee wangu?" Mama Kitambaa aliuliza.

"Nilimwambia jirani asihangaike," mzee alisema. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. "Nilimwambia, viti au mabenchi, Jumapili pengo langu litaonekana, na Jumatatu atakuja mtu. Ile Jumatatu nikavaa shati. Na ya jana nikavaa tena."

Shati lilikuwa limetundikwa kichwani pa kitanda, limenyooshwa.

Walimpeleka hospitali kwa gari la yule dereva. Daktari alisema mfupa ulivunjika na ulikuwa umeanza kuunga upande. Angewahishwa, angepona sawasawa. Sasa atatembea kwa mkongojo maisha yake yote.

Kutoka hospitali Mama Kitambaa hakupitia nyumbani. Aliingia kwenye kikao cha kamati na aproni yake, pini zikiwa bado kifuani.

"Shemeji, tuko kwenye ajenda," alisema Mwenyekiti.

"Endeleeni. Mia moja na kumi na mbili, sivyo? Nitajieni aliyekuwa hayupo."

Mjumbe mmoja akafungua daftari, akalifunga.

"Fundi saa," alisema Mama Kitambaa. "Jumapili mbili. Amelala na mguu uliovunjika, akingoja kanisa. Na msidhani nimekuja kuwasema nyinyi peke yenu. Mimi nilinuna. Nilikuwa na hasira na viti, nikaacha kuwaombea watu. Ninyi mlihesabu vichwa, mimi nikahesabu makosa yenu, na mzee akavaa shati bure." Akafuta macho kwa aproni, pini ikamchoma shavuni, akaondoka akiwa amekasirika zaidi.

Jumamosi mabenchi yalikuwa yamerudi. Na Mwenyekiti alikuwepo, suruali kaikunja, kitambaa mkononi, anaona aibu kama mwanafunzi aliyerudia darasa. Hakuna aliyemwita. Mama Kitambaa alimsukumia ndoo kwa mguu bila salamu.

Wakapangusa. Kila Mwenyekiti alipofika mahali aliuliza, "Hapa nani?" Muuguzi. Hapa? Mwashi, yule ambaye binti yake haongei naye. Benchi la tatu hakuuliza. Alilipangusa muda mrefu kando ya dirisha. Yeye siku zote alikuwa akikaa mbele na wazee wa kanisa, akiwatazama watu wote usoni, na jina moja baada ya jingine lilikuwa geni kwake.

Benchi la tisa, katikati, akanyoosha mgongo. "Na hapa shemeji, hapa anakaa nani?"

Mama Kitambaa alimtazama. Alikuwa amechoka naye tangu siku ya harusi.

"Hapo," alisema, "anakaa mkeo."