Kuni za Jumamosi

Fomu ilikuwa na kurasa sita, na mwenye kiwanda alitaka ijazwe kabla ya chai ya saa nne.

"Shemeji, andika tu," alimwambia mtunza stoo. "Maji, weka kidogo. Kuni, weka kidogo. Walioumia, sifuri. Nani atakuja kuchungulia boila yetu?"

Mtunza stoo alikuwa mke wa kaka yake. Kiwanda kizima cha sabuni kilimwita Bi Mizani, maana hakuna kilichoingia wala kutoka stoo bila kupanda mizani yake, hata boksi la misumari. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutosha watu watatu, na akikataa jambo, limekataliwa.

Fomu ilitoka kwa kampuni ya hoteli iliyotaka miche ya sabuni kila mwezi. Ilitaka kujua kila kreti moja ya sabuni inakula maji kiasi gani na kuni kiasi gani, taka zinakwenda wapi, na watu wangapi wameumia. Bila oda hiyo, mwenye kiwanda alikwisha kusema wazi, tangi la pili la kupikia litafungwa, na kati ya wafanyakazi kumi na tisa, wanane watarudi nyumbani.

"Namba nisiyoipima siiwekei sahihi," alisema Bi Mizani. "Nipe mwezi."

"Wametupa wiki tano."

"Basi zinatosha na kubaki."

Mita ya maji ilikufa zamani, buibui wamefanya maskani ndani ya kioo chake. Alichukua pipa, akalichora mistari ya rangi nyekundu, akaamuru maji yote yapitie humo kwanza. Kuni akazipima fungu kwa fungu. Mchochezi wa boila, Mzee Moto, ambaye nyusi zake ziliungua miaka mingi iliyopita na hazikuona sababu ya kurudi, alisimama mbele ya mizani mikono kiunoni.

"Miaka yote hii nachochea, leo unanipimia kuni kama mwizi?"

"Nazipima kuni, Mzee. Wewe siwezi kukupima, utaivunja mizani yangu."

Mzee Moto alicheka bila kupenda, na tangu siku hiyo fungu lililopita bila kupimwa alilirudisha mwenyewe.

Tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa: Bi Mizani alikuwa anasubiri kumkamata mtu anayefuja kuni. Aliwashuku wapakiaji, kisha akawashuku wakataji wa miche. Wiki ya tatu ilipokwisha aliketi na daftari lake, na kidole kikasimama kwenye Jumamosi. Siku hiyo hakipikwi hata kipande kimoja cha sabuni, matangi yanaoshwa tu. Lakini boila ilikula kuni sawasawa na siku nzima ya kazi, na Jumamosi nyingine vivyo hivyo. Alitoka mbio hadi kwa Mzee Moto.

"Nani anachemsha maji yote haya Jumamosi?"

Mzee Moto alimtazama kidogo, kama mtu anayehofia kwamba ni mtego.

"Wewe," alisema. "Si ni amri yako? Matangi yaoshwe kwa maji ya moto, mara tatu. Huu mwaka wa tisa."

Nyani haoni kundule.

Bi Mizani alikwenda upande wa kuoshea. Waoshaji walikuwa wanawake wanne, na mmoja wao ni mdogo wake wa damu, ambaye kazi hiyo alimtafutia mwenyewe.

"Hivi, haya matangi hayawezi kuoshwa kwa maji baridi?"

"Yanaweza," alisema mdogo wake. "Tukiyakwangua kwanza kwa ubao. Mabaki yanarudi kupikwa, maji baridi yanamalizia."

"Mmelijua hilo tangu lini?"

"Tangu zamani."

Mdogo mtu alivuta mikono ya gauni chini, lakini alichelewa. Toka viwiko hadi viganja kulikuwa na makovu ya maji ya moto, mengine ya zamani, mengine bado mekundu. Wenzake watatu nao walikuwa nayo vilevile.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini, dada? Wewe ndiwe mizani. Nani anabishana na mizani?"

Neno hilo lilimuuma kuliko tusi. Miaka tisa alikuwa akijisifu kwa majirani kwamba kazini kwao hajaumia mtu.

Jumamosi iliyofuata waliosha kwa ubao na maji baridi, na boila haikuwashwa kabisa.

"Safi sana," alisema mwenye kiwanda. "Sasa shemeji, zile Jumamosi za nyuma zitoe. Weka hii moja, wastani utang'aa."

Hapo Bi Mizani alitikisika kweli. Aliwafikiria wale wanane, na alijua tangi la pili likifungwa, waoshaji watakuwa wa kwanza kuondoka. Lakini mficha uchi hazai. Aliandika Jumamosi zote, tatu mbaya na moja nzuri. Kwenye walioumia aliandika "wanne", na kwenye sababu, "maji ya moto, kwa amri ya mtunza stoo". Akatia sahihi.

Mkaguzi wa hoteli alipokuja, alisoma ukurasa huo mara mbili.

"Mtunza stoo ni nani?"

Mwenye kiwanda akakohoa. Mzee Moto akatazama dari.

"Ni mimi," alisema Bi Mizani. "Miaka tisa."

Mkaguzi aliandika, akaenda kuwaona waoshaji, akaondoka bila ahadi. Baada ya wiki jibu lilikuja: nusu ya oda kwa miezi mitatu, kisha watarudi kupima wenyewe. Mwenye kiwanda alinuna kwa hiyo nusu, ila tangi la pili halikufungwa, na hakuna aliyerudishwa nyumbani.

Siku hiyo mdogo wa Bi Mizani aliingia stoo bila kuitwa.

"Dada, kuna jambo jingine. Zile kreti unazotaka tuzipange juu mpaka darini…"

"Zina nini?"

Sauti ilitoka kubwa, kwa mazoea. Mdogo wake akarudi nyuma hatua moja. Bi Mizani akavuta kigoda, akakipangusa kwa kanga yake.

"Kaa," alisema polepole. "Sema, nakusikiliza."

Mdogo wake akakaa, akaanza kuhesabu kwa vidole, na vidole havikutosha.