Mkutano wa Walevi

Juzi pale Daraja Mbili niliona tangazo la kikundi cha watu wanaoacha pombe, limebandikwa kwenye kibanda cha mitumba. Mtu alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu: WALEVI. Sikulifuta.

Nilikuwa darasa la pili mama aliponipeleka, Alhamisi moja, kwenye mkutano wa kikundi kama hicho kule Suneka. Chumba kilinukia chai ya maziwa na makoti yaliyonyeshewa. Nilidhani mkutano wa walevi ni wa kulewa, kwa hiyo nilinusa kikombe cha mama kabla hajakigusa. Kilikuwa chai tu. Kisha akasimama.

"Naitwa Moraa. Mimi ni mlevi."

Nikapanda juu ya benchi. "Si kweli! Hajakunywa tangu Jumapili!"

Hakuna aliyecheka. Leo najua siku hizo nne zilimtoa jasho kiasi gani. Mama alinishusha taratibu.

"Keti, Kerubo. Huko nje wananiita hivyo kunitukana. Hapa nimejiita mwenyewe."

Basi juzi nikaazima kalamu kwa muuza mitumba. Chini ya neno lile nikaandika AKIWEMO MAMA YANGU, nikatia jina langu lote.