Hatua Mia Nne za Bomba

Kwa miaka minne Bernadina, ambaye wengi walimwita Mama Maduhu, alifungua bomba la umma la kitongoji cha Igembe kila alfajiri. Kabla ya kufungua aliweka kiganja kwenye chuma na kuyasikia maji yakija chini ya mashamba ya pamba, taratibu, kama mtu anayerudi nyumbani bila haraka. Saa hiyo vumbi la machimbo ya jirani lilikuwa bado limelala, na dunia nzima ilionekana kama inaota.

Mradi wa maji hayo ulikuwa wa ubia. Halmashauri ilijenga kisima na tangi, kampuni binafsi ikaendesha pampu na kusambaza maji. Mwezi wa nane bomba la chini ya ardhi likapasuka kati ya tangi na kitongoji. Halmashauri ikasema matengenezo ni ya kampuni, kampuni ikasema ni ya halmashauri. Barua zikapishana wiki sita. Wanawake wakarudi kuchota madimbwini. Bernadina aliendelea kwenda alfajiri kusikiliza chuma kikavu. Siku nyingine aliapa kwamba amesikia kitu mbali sana, halafu kikapotea.

Kikaitishwa kikao. Juliana, mhandisi wa halmashauri, na Valerian, meneja wa kampuni, wakasomeana vifungu vya mkataba mpaka watu wakaanza kusinzia. Bernadina akasimama.

"Samahanini, wakubwa. Hilo bomba lenyewe mmeliona?"

Juliana na Valerian wakatazamana.

"Basi twendeni."

Wakatembea kulifuata bomba, wakubwa wale kila mmoja na mchoro wake mkononi. Walipofika kwenye tangi Juliana akasimama. "Mchoro wetu unaishia hapa."

Valerian akageuza karatasi yake, akaigeuza tena. "Wetu unaanzia kule kwenye koki ya kitongojini." Akatazama zile hatua mia nne za nyasi kavu zilizobaki katikati. "Mama Maduhu, hapa ni pa nani?"

"Mimi napita kila siku, baba. Mwenyewe sijamwona."

Valerian ndiye aliyeanza kucheka, Juliana akafuatia. Wakakaa palepale kwenye nyasi wakakubaliana: halmashauri ilete bomba jipya, kampuni ilete mafundi, na kipande hicho kiongezwe kwenye mkataba kuwa cha kampuni. Tena, ukizuka ubishi, watu wakakague kwanza kabla ya kuandikiana barua.

Ijumaa maji yakaja, mekundu kwanza, kisha meupe. Wanawake wakapiga vigelegele. Bernadina alinawa uso, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, na usingizi ukamchukua mchana kweupe katikati ya kelele zote. Jirani yake Zipora akamfunika bega kwa khanga, akasimamia foleni.