Majani Chini ya Bwawa

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa bwana samaki huko juu Ufipa, uwandani kusikoonekana ziwa. Watu walinitania kwa hilo, na mimi nilishachoka hata kucheka. Kazi yangu ilikuwa bwawa moja la perege, lililochimbwa kwa majembe upande wa Kaengesa.

Aliyelitunza alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwenye nyumba niliyokaa. Mjukuu wake wa kike alikuwa amevimba miguu na uso kwa utapiamlo, na muuguzi wa misheni alisema apewe samaki. Kila jioni mama alisimama ukingoni akilitazama bwawa kama mtu anayekagua ghala.

Wafipa hulima kwa matuta ya mviringo. Majani hufukiwa ndani ya udongo, yakioza shamba linanona. Nilipokuwa safarini Chala, mama na wenzake wakafanya vivyo hivyo bwawani: walizamisha mafurushi ya majani hadi chini, wakayakandamiza kwa tope ili samaki wanenepe upesi. Kisha mawingu yakatanda siku kadhaa, hakuna jua wala upepo.

Nilirudi asubuhi, nyayo zinawaka moto, nikamkuta anamwaga pumba majini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone! Wote wamepanda juu, wanaomba chakula."

Perege walijaa juu ya maji, midomo wazi. Nilikata tamaa palepale. Nikamwambia hawana njaa, wanakosa pumzi. Maji ya juu hupata hewa kwa upepo, na kwa mimea ya majini jua likiwaka. Ya chini hupata kidogo sana, na kile kinachooza huko hula hata hicho kidogo.

Tuliingia sote. Tulitoa majani meusi yanayonuka, tukapiga maji kwa matawi mpaka mikono ikafa ganzi. Kufikia mchana perege walikuwa wanaelea, matumbo juu. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia.

Jioni mama alipika wale ambao hawajaharibika. Mtoto, ambaye siku zote alisukuma sahani, alikula, akalamba vidole.

"Bibi, na kesho?"

Bibi alinigeukia mimi. Nikainama, nikaendelea kumchambulia mtoto miiba.