Wana Delomu wa Mtaa wa Swahili

Siku niliyorudi nilisimama Mtaa wa Swahili, Kariakoo, mbele ya ghorofa la maduka ya simu, nikajua kwa harufu tu kwamba hapa palikuwa kwetu. Upande wa pili mama mmoja alikuwa anakaanga vitumbua. Bibi yangu naye alikaanga vitumbua hapahapa, uani, na vilipoiva alituita mimi na mdogo wangu wa kike: "Wana Delomu! Njooni kabla sijawapa majirani!"

Ndiyo, ndugu yangu, sisi watoto wa Kariakoo tuliitwa Delorme, kwa ulimi wa bibi Delomu. Babu alilelewa na mapadre Wafaransa kule Bagamoyo, yatima wa watu waliokombolewa utumwani, asiyejua kwao ni wapi. Padre mmoja akampa jina lake. "Babu yenu hakuwa na ukoo," bibi alikuwa akisema huku akipepea moto. "Jina hili ndilo ukoo."

Enzi zile za Ujamaa, shuleni tuliimba nyimbo za kuwalaani mabeberu, na wenzangu wakanizomea: "Mzungu wa vitumbua!" Iliniuma, maana nilikuwa wa kwanza darasani na hati yangu haikuwa na mfano mtaa mzima. Basi balozi wa nyumba kumi alipokuja kuandikisha kaya za kupewa sukari na unga wa yanga, ule wa njano, kalamu alinipa mimi.

"Andika, mwalimu," alinitania. "Na lile jina lenu la mvinyo wa Kifaransa usilisahau."

Majirani wakacheka. Nikaandika majina matatu ya sisi tuliobaki: la bibi, langu, la mdogo wangu. Yote nikayamalizia kwa Yosefu, jina la ubatizo la babu. Delorme sikuliandika.

"Umeliweka la ukoo?" aliuliza bibi, ambaye hakujua kusoma.

"Nimeliweka, bibi."

Akabonyeza dole gumba. Karatasi ile ikazaa nyingine zote: za kliniki, za shule, hata pasi yangu ya kusafiria.

Nilijisomesha mwenyewe mpaka Ufaransa, nikachukua stashahada ya ufundi wa maji. Wangapi mtaani kwetu wanayo? Huko nikafungua kitabu cha simu: Delorme safu kwa safu. Mwenye nyumba wangu akaniambia asili ya jina hilo ni watu waliokaa karibu na mti fulani wa kwao, wenye kivuli kipana. Kule wamejaa. Dar es Salaam tulikuwa watatu, na wote watatu nilitufuta kwa mkono wangu.

Bibi alifariki nikiwa huko. Barua zangu kwa mdogo wangu zikaanza kurudi. Sasa namtafuta kwa jina nililomwandikia: Maria Yosefu.

"Yupi, mama?" muuza vitumbua aliniuliza. "Maria Yosefu Kariakoo hii wako kama nyanya."

Maria Delorme ningempata kabla ya adhuhuri.

Wiki nzima nimesimama na kadibodi, DELORME, kwa hati yangu ileile nzuri. Wapita njia wananiuliza ni dawa ya nini. Jana ndipo nilipokumbuka: mdogo wangu hakuwahi kuliona jina hilo limeandikwa. Alilisikia tu, likitoka uani pamoja na harufu ya hiliki.

Ua haupo tena, wala jiko, wala bibi. Kadibodi nimeitupa. Mimi, mwenye stashahada yangu, napita Mtaa wa Kongo katikati ya wauza mitumba, naita kama alivyoita bibi: "Wana Delomu! Njooni!"

Wanageuka wengi. Hakuna anayekuja.