Asmini Nyeupe Juu ya Marumaru

Sisi tuliokulia kwenye maghorofa ya Scarborough, pembezoni mwa Toronto, miaka ile ya elfu mbili na kidogo, hatukuwa na uwanja, tulikuwa na korido. Tulicheza rede juu ya zulia la kahawia la ghorofa ya kumi na moja, huku chini ya milango ya majirani ikipenya harufu ya vitunguu vya kukaanga, udi, na samaki mkavu. Mpira wetu ulikuwa soksi iliyoshindiliwa soksi nyingine. Mlango ukifunguliwa tulisimama wima, nyuso za upole, kama watu wanaosubiri lifti. Shuleni nilifungua kopo langu la chapati na maharage kwa kuficha, mkono mmoja juu yake. Siku hizi watoto wa pale pale wanapanga foleni kununua chapati hizo hizo, tena wanazipiga picha kwanza.

Na tulicheza mdako. Wenzetu waliokota kokoto kwenye maegesho ya magari. Mimi na kaka yangu Idrisa tulitumia akiki, feruzi, na vijiwe vya kijani vilivyokatika vibaya. Yalikuwa mabaki ya kazi ya babu yetu, yaliyosafiri kutoka India ndani ya soksi za jamaa.

Babu alizaliwa Agra, katika ukoo wa mafundi wanaochimba marumaru na kupachika ndani yake vijiwe vya rangi mpaka viwe maua. Alipokuwa kijana alifuata kazi Tanga, akapamba sakafu na makaburi ya watu, akamwoa bibi yangu, mwenyeji wa huko, na Kiswahili kikawa lugha ya nyumba. Uzeeni walimfuata mama yangu Toronto. Walitusemesha Kiswahili, sisi tukajibu Kiingereza, na Bibi akatuambia turudie, masikio yake bado hayajapata viza.

Bibi alikuwa na dai moja. Siku ya ndoa aliahidiwa meza ya chai, ya marumaru, yenye maua. "Fundi kapamba nyumba za watu wote, mpaka za maiti," alimwambia kila mgeni. "Mimi chai yangu naiweka kwenye kigoda cha kukunia nazi."

Nilikuwa na miaka tisa Babu alipoianza meza ile. Bamba la marumaru alilipata kwenye duka la kukata meza za jikoni, pale plaza, kipande kilichobaki. Kiangazi alifanyia kazi roshani. Baridi ilipokuja alihamia bafuni, kwa sababu ya maji. Alivuta upinde kwa mkono wa kulia, uzi ukazungusha gurudumu dogo la kusagia, na kwa mkono wa kushoto akalisogezea kijiwe. Mlio wake ulikuwa kama nyuki aliyenaswa chupani. Hadi leo harufu ya jiwe lililolowa hunirudisha pale.

Lakini macho yake yalikuwa yanakwisha. Daktari alisema wazi kwamba la kulia limekwenda, na la kushoto lina miezi. Nyumba nzima tulijua kwamba meza inashindana na jicho.

"Kuchimba nitachimba kwa vidole," Babu alisema. "Kupachika hivyo hivyo. Kuchora ndiko kunakotaka jicho."

Kwa hiyo alichora kwanza. Alilipaka bamba lote udongo mwekundu uliokorogwa na maji, ukakauka, kisha akakwaruza kwa sindano, lenzi jichoni, kila mstari ukitokea mweupe ndani ya wekundu. Ilimchukua wiki saba, bamba likilala ndani ya hodhi la kuogea.

Ikafika Idi. Bibi akanituma, "Kasugue bafu ling'ae, wageni wasije wakadhani tunaishi machimboni." Nikaenda na brashi na sabuni. Ndani ya hodhi nikakuta bamba la meza, jekundu la udongo na mikwaruzo, nikadhani ni uchafu wa kazi. Nikaliosha. Nililiosha kwa maji ya moto na kwa moyo wangu wote, mpaka likawa jeupe kama tui, ndipo nikamwita Bibi aje aone.

Bibi aliona, akashika mdomo. Babu akaja nyuma yake, akipapasa ukuta. Alipitisha kiganja juu ya jiwe, polepole, kutoka kona hadi kona.

"Nani kaiogesha meza?"

"Nimemtuma mimi," Bibi alisema.

"Ulimtuma aoshe bafu."

"Bafu liko wapi, Fundi, na karakana iko wapi? Miezi miwili naoga na jiwe."

 Babu alikaa ukingoni mwa hodhi na mikono yake ikiwa mapajani, nami nikalia hadi wageni walipobisha hodi.

Baada ya Idi alilipaka bamba udongo upya. Kisha akanipa sindano. Katika ukoo wao mwanafunzi husaga mawe miaka mingi kabla ya kuigusa, na mtoto wa kike haigusi kabisa.

"Baba yangu asingenisamehe," alisema. "Lakini baba yangu hakuishi ghorofa ya kumi na moja."

Yeye akawa anaelekeza, mimi nachora, na Bibi kaketi juu ya kifuniko cha choo na tasbihi yake. Babu alitaka mayungiyungi, maua ya makaburi ya wafalme.

"Hilo yungiyungi au kitunguu?" Bibi akauliza.

"Mwache mtoto."

"Basi nichoreeni asmini. Za uani kwetu Tanga."

"Asmini nyeupe juu ya marumaru nyeupe," Babu alisema. "Nani ataiona?"

"Wewe huoni hata hivyo. Mimi nitajua ilipo."

 Babu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia nichore asmini, petali tano, nyembamba.

Alizipachika kwa gamba la chaza, na majani kwa vijiwe vya kijani. Kufikia kiangazi jicho lilikuwa linatofautisha dirisha na ukuta tu, lakini vidole vilimaliza. Alipitisha ukucha juu ya kila ua, na ukucha haukukwama popote. Bibi akaweka kikombe, akakiinua, akafuta pale kwa khanga, akakiweka tena. 

Babu akaniambia niwe nakuja roshani kila Jumamosi, anifundishe gundi. Gundi ya ukoo haikuandikwa popote, ilisemwa sikioni tu. Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba nitakuja Jumamosi ijayo. Nilikuwa na voliboli. Kisha nikapata simu ya kwanza, ile ya kusukuma kifuniko. Kisha mitihani.

Wote wawili wametangulia. Meza iko kwa mama, na majira ya baridi yaliyopita petali moja ilibanduka. Zuberi, mtoto wa Idrisa, alikuja na gundi ya dukani na video inayofundisha kutengeneza chochote kwa dakika tano. Tulimcheka, sisi watu wazima. Vijana hawa, kila kitu dakika tano. Akajaribu. Petali ilikaa siku kumi, ikabanduka tena.

Zuberi haongei Kiswahili. Lakini aliishika petali ile kiganjani, akaipanga sentensi yake ya Kiswahili neno kwa neno, akaniuliza Babu alitia nini kwenye gundi yake.

Nilimwambia ukweli. Babu alitaka kunifundisha, nikamwambia Jumamosi ijayo.