Mshale wa Petroli na Mazishi ya Mjomba

Mshale wa petroli katika gari la baba ulilala kwenye sifuri mwaka mzima, tangi lijae lisijae. Baba, mtu wa kubishana hata na saa ya ukutani, alilipeleka kwa fundi wa Kaloleni. Fundi alimwambia afungulie swichi, akaingia chini ya gari, akachomoa waya wa tangi na kuugusisha kwenye bodi. Mshale ukapanda mpaka mwisho.

"Geji iko sawa, Mzee," alisema. "Ile floti inayoelea ndani ya tangi ndio imetoboka. Imekunywa petroli, imelala chini. Kupata ingine ni mpaka Nairobi."

Baba alifurahi, kana kwamba kuujua ugonjwa ndiko kupona. Tangu siku hiyo, kabla ya safari alisimama nyuma ya gari, akalitikisa kwa nyonga na kutega sikio. Akisikia petroli ikicheza, tuliondoka.

Jumamosi moja tulikuwa tunaenda Port Victoria kumzika mjomba, ndugu pekee wa mama. Mama hakutaka kitu kingine ila kuuona uso wake kabla jeneza halijafungwa. Alikuwa amekwisha kupakia buti: sukari, majani ya chai na jerikeni la maziwa, maana dada haendi matangani mikono mitupu. Baba akaja, akatikisa.

"Iko mingi," alisema.

Tulipopita Kisian gari lilikohoa, likazima. Baba akatikisa tena, na kweli sauti ilikuwepo. Basi akasafisha plagi, akapuliza kabureta, akailaumu koili. Jua likapanda. Mwishowe mimi, kwa hasira tu, nilianza kushusha mizigo. Nikateremsha maziwa. Baba akatikisa. Kimya.

Hakuna aliyecheka. Baba alipata lifti ya kurudi mjini kutafuta petroli. Magari yenye matawi mabichi kwenye boneti yalitupita yakienda mazishi ya wengine, yamejaa pomoni. Nilipunga mkono mpaka ukachoka. Mama alikaa kiti cha mbele, mikono mapajani. Nilitamani agombe, amlaumu mtu.

"Watanisubiri," alisema, mara moja tu.

Nilijua hawatamsubiri. Wingu zito lilikuwa linajikusanya upande wa ziwa, na hakuna anayeacha kaburi wazi linyeshewe.

Baba alirudi na petroli, lakini tulifika watu wakinawa udongo mikononi. Jirani mmoja alianza kutueleza jinsi walivyongoja. Mama hakumsikiliza. Alikizunguka kile kifusi cha kaburi, akasimama mbele ya mwanamume aliyeshika sepetu.

"Kichwa iko upande gani?"

Akamwonyesha. Mama alipiga magoti hapo, akainama mpaka karibu na udongo, akaanza kuongea na ndugu yake kwa lugha ya kwao, taratibu, akimweleza habari ya gari.